Michael Madigan na Miaka 50 ya Ubunge: Je, Kosa Lilikuwa la Muda?

Majira ya baridi ya mwaka 2021 yaliwaondoa bungeni wakongwe wawili wa siasa za majimbo ya Marekani. Mjini Madison, Wisconsin, Fred Risser alimaliza muhula wake wa mwisho mwezi Januari akiwa na umri wa miaka 93. Alikuwa amekaa katika bunge la jimbo hilo miaka 64 bila kukatiza, na hakuna mbunge wa jimbo katika historia ya nchi ile aliyedumu kumzidi. Katika jimbo jirani la Illinois, mjini Springfield, Michael Madigan alipoteza uspika mwezi huohuo, kisha akajiuzulu ubunge Februari baada ya miaka 50. Risser aliagwa kwa hotuba za sifa. Madigan alifunguliwa mashtaka, na Juni 2025 Jaji John Robert Blakey wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago akamhukumu kifungo cha miaka saba na nusu pamoja na faini ya dola milioni 2.5.

Mwanasiasa mkongwe anapoanguka, maelezo huwa yako tayari: alikaa mno, madaraka yakamlevya, wekeni ukomo. Yana mvuto kwa kuwa ni mafupi. Lakini Risser anayaharibu. Kama miaka peke yake ndiyo imwozeshayo mtu, huyu aliyekaa miaka 14 zaidi angekuwa ameoza zaidi. Inabidi basi tuulize Madigan alikusanya nini mkononi katika miaka hiyo, na akina nani waliomkabidhi.

Alizaliwa Chicago Aprili 1942, akakulia kusini-magharibi mwa jiji katika familia ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake alikuwa msimamizi wa usafi wa mitaa katika Kata ya 13, na alikuwa pia mtu wa chama. Chicago ya wakati ule haikuona haja ya kuvitenga vitu hivyo viwili. Meya Richard J. Daley, aliyelitawala jiji tangu 1955 hadi kifo chake mwaka 1976, alikuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic katika Cook County pia. Kazi za serikali, kuanzia kuzoa taka hadi ukarani wa mahakama, zilipitia kwa viongozi wa chama wa kata. Aliyepata kazi alilijua deni lake: siku ya uchaguzi atagonga milango ya mtaa wake mpaka kura zitoke. Mkono mtupu haulambwi, na wa Daley haukuwahi kuwa mtupu.

Madigan aliingia katika mfumo huo mapema. Alisoma Notre Dame, akapata shahada ya sheria Loyola, na mwaka 1969, akiwa na miaka 27 tu, akawa kiongozi wa chama wa Kata ya 13. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya Illinois, akiwa pamoja na mtoto wa meya, Richard M. Daley. Novemba 1970 akashinda ubunge, Januari 1971 akaapishwa. Ule mkutano wa katiba hautajwi sana katika simulizi za maisha yake, nami naona ni kosa. Katiba iliyotoka humo iliweka vifungu viwili vilivyomwandama hadi uzeeni: kimoja kuhusu namna ya kuchora mipaka ya uchaguzi vyama vikishindwa kuafikiana, na kingine kinachokataza kupunguza pensheni za watumishi wa umma.

Januari 1983 akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Illinois. Ukiacha miaka miwili, 1995 hadi 1997, ambapo Lee Daniels wa chama cha Republican alikikalia kiti hicho, Madigan alibaki spika hadi 2021. Hiyo ni miaka 36, na hakuna kiongozi wa chombo chochote cha kutunga sheria Marekani, cha jimbo au cha taifa, aliyewahi kuifikia. Magavana saba walipita. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliusikia mji wa Springfield kwa sababu ya Barack Obama, aliyekuwa seneta wa jimbo hilo tangu 1997 hadi 2004. Obama alipofika pale, Madigan alikuwa ameshakaa miaka 26. Obama alipotoka Ikulu ya Washington baada ya mihula miwili, Madigan alikuwa bado spika.

Nguvu yake ilianzia mahali pakavu pasipovutia waandishi wa habari: kanuni za Baraza. Muswada ulipowasilishwa ulipelekwa kwanza kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo wingi wa wajumbe wake aliwateua yeye. Hilo ndilo lililokuwa lango. Muswada aliotaka upite ulipita, na ule asioutaka ulilala humo mpaka muhula ukaisha, bila mjadala, bila kura, bila yeyote kubeba lawama ya kuukataa. Mbunge aliweza kurudi kwa wapiga kura wake na kusema, tena bila uongo, kwamba muswada wao ameupeleka. Wenyeviti wa kamati, ambao hulipwa posho ya ziada juu ya mshahara, aliwachagua yeye. Mjumbe aliyeonekana atapiga kura vibaya aliweza kujikuta asubuhi nafasi yake kwenye kamati imekaliwa na mwenzake.

Mageuzi yaliyokusudiwa kuwabana wanasiasa yalimnufaisha yeye kuliko wote. Mwaka 1980 Pat Quinn, wakati huo mwanaharakati na baadaye gavana, aliongoza kampeni ya kura ya maoni iliyopunguza wabunge wa Baraza kutoka 177 hadi 118. Wananchi walikuwa na hasira kwa sababu wabunge walikuwa wamejiongezea mishahara. Kura hiyo ilifuta pia utaratibu wa zamani ambapo kila eneo lilitoa wabunge watatu, na chama kidogo kikapata angalau kiti kimoja hata kwenye ngome ya mpinzani. Utaratibu ule ulikuwa ukiingiza bungeni watu wasiotabirika: Warepublican wa Chicago, Wademokrati wa vijijini, watu wasiomhitaji kiongozi wa chama ili washinde. Walipotoweka, waliobaki walikuwa wachache zaidi, kampeni zao zikawa ghali zaidi, na ni rahisi kuwasimamia watu 118 kuliko 177. Miaka miwili baadaye Madigan akachaguliwa spika.

Halafu kuna ramani. Katiba ya 1970 ilisema wabunge wakishindwa kukubaliana mipaka ya uchaguzi, itaundwa tume yenye idadi sawa ya pande mbili, na nayo ikikwama, mjumbe wa ziada atapatikana kwa bahati nasibu. Waandishi wa kifungu hicho walidhani hofu ya kupoteza kila kitu kwa kuchomoa jina ingewalazimisha watu wapatane. Haikuwa hivyo. Mwaka 1981 bahati iliwaangukia Wademokrati na Madigan akaisimamia ramani. Mwaka 1991 iliwaangukia Warepublican. Mwaka 2001, kwa jina lililotolewa ndani ya kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, ikarudi kwa Wademokrati. Hata hivyo, asiyempenda Madigan na akubali jambo moja: ramani ya 1991 ilichorwa ili imwondoe, naye akaupoteza uspika kwa muhula mmoja tu, kisha akaurudisha kwenye uchaguzi wa 1996 kwa mipaka ileile ya wapinzani. Alijua hesabu za kata moja moja kuliko waliozichora.

Mwaka 1998 akaongeza uenyekiti wa chama cha Democratic cha Illinois nzima, akaushika hadi 2021. Mgombea mpya wa vitongoji vya Chicago alipata kwake fedha, meneja wa kampeni, vipeperushi na vijana wa kugonga milango. Akishinda, kura yake ya kwanza Januari ilikuwa ya kumchagua spika.

Kwa nje mtu mwenyewe hakufanana na madaraka hayo. Hakuwa na simu ya mkononi, hakutumia barua pepe, alizungumza kwa sauti ya chini, na chakula chake cha mchana kilichosimuliwa mno na waandishi wa Springfield kilikuwa tofaa. Walimpa jina la Nyundo ya Mahameli. Wandani wake katika barua zao waliepuka hata kumtaja jina, wakamwita rafiki yetu. Lakini usiku wa tarehe 30 Juni 1988 alionyesha jinsi mamlaka yake yalivyofika hadi kwenye saa ya ukutani. Timu ya besiboli ya White Sox ilitishia kuhamia Florida kama jimbo lisingeijengea uwanja. Muswada ulipaswa kupita kabla ya saa sita ya usiku, kwani baada ya hapo katiba ilidai wingi wa tatu kwa tano. Gavana James Thompson, wa chama pinzani, alizunguka ukumbini akiomba kura. Kura 60 zilipatikana wakati usiku wa manane umeshapita kwa dakika kadhaa. Kumbukumbu rasmi ya Baraza inasema ilikuwa saa tano na dakika 59. White Sox wako Chicago hadi leo.

Ukimpima kwa matendo, daftari lake lina kurasa za pande zote mbili. Aliliongoza Baraza lililomshtaki Gavana Rod Blagojevich Januari 2009 kwa kura 114 dhidi ya 1, ingawa wote wawili walikuwa chama kimoja na Madigan alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni yake ya 2006. Adhabu ya kifo ilifutwa Illinois mwaka 2011. Ndoa za jinsia moja zilihalalishwa mwaka 2013 kwa kura 61 katika Baraza, yaani moja tu iliachiwa kupotea, na hakuna aliyeijua kazi ile anayeamini kwamba hesabu hiyo ilijipanga yenyewe. Gavana tajiri Bruce Rauner alipoingia mwaka 2015 akitaka kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, Madigan alikataa. Jimbo likakaa bila bajeti kamili tangu Julai 2015 hadi Julai 2017. Vyuo vikuu vilipunguza watu, mashirika ya kuhudumia wazee na walemavu yalifunga milango, na madeni ya serikali kwa watoa huduma yakafika karibu dola bilioni 15. Hatimaye Warepublican kadhaa walimsaliti gavana wao na kura ya turufu ikabatilishwa. Wafanyakazi walimwona Madigan ngao yao. Mtoa huduma aliyefilisika akingoja hundi ya serikali alikuwa na haki ya kumwona vingine.

Pensheni ndizo zinazomhukumu zaidi katika kazi yake halali. Kwa miongo kadhaa bunge liliahidi mafao na kuahirisha michango, kwa kuwa ahadi huleta kura leo na bili humfikia mwingine kesho. Spika alikuwepo karibu muda wote. Mwaka 2013 alisukuma sheria ya kupunguza mafao, na Mei 2015 Mahakama Kuu ya Illinois ikaifuta kwa kauli moja kwa kutumia kile kifungu cha katiba ya 1970, katiba iliyoandikwa yeye akiwa mjumbe. Alipoondoka, pengo la mifuko lilikuwa zaidi ya dola bilioni 130. Hakuna mahakama iliyomshtaki kwa hilo, wala hakuna sheria inayomgusa.

Kilichompeleka kizimbani kilikuwa kidogo kwa kulinganisha. Kesi zilizofunguliwa tangu mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa zimebana ajira za kichama katika serikali ya Chicago. Watu wa Kata ya 13 bado walitaka kazi, na kazi zikahamia kwenye kampuni zinazotegemea sheria za jimbo. Kubwa kati ya hizo ni ComEd, msambazaji wa umeme kaskazini mwa Illinois. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilipata sheria iliyobadilisha jinsi bei zake zinavyopangwa, baada ya bunge kubatilisha kura ya turufu ya Quinn, na mwaka 2016 ikaja sheria nyingine iliyoinufaisha kampuni mama, Exelon. Julai 2020 ComEd ilikiri kwamba kati ya 2011 na 2019 ililipa kazi na mikataba yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.3 kwa watu wa karibu na spika, baadhi yao wakifanya kazi ndogo au wasifanye kabisa, kwa lengo la kumlainisha. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 200. Ilikuwa mishahara hewa, ila iliyolipwa na kampuni binafsi na kupitishiwa kwa wakandarasi wa kati.

Kiungo alikuwa Michael McClain, mbunge wa zamani na rafiki wa miongo mingi aliyekuwa akilipwa na ComEd kuwashawishi wabunge. Mei 2023 McClain na watu wengine watatu walipatikana na hatia katika kesi yao. Tim Mapes, mkuu wa wafanyakazi wa Madigan kwa muda mrefu, alitiwa hatiani mwaka huohuo kwa kulidanganya baraza la wazee wa mahakama. Diwani Daniel Solis wa Chicago, akiwa amebanwa na makosa yake mwenyewe, alivaa kinasa sauti na kumrekodi spika. Katika mazungumzo mengine ya simu yaliyonaswa, Madigan alisikika akicheka na McClain jinsi baadhi ya watu wao walivyovuna. Kwa mtu aliyekwepa simu ya mkononi na barua pepe maisha yote, kuangushwa na sauti yake mwenyewe ni kejeli ambayo mwandishi wa riwaya angeiona imezidi.

Kesi ilianza Oktoba 2024. Ilikuwa imesogezwa ili kungoja Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Juni mwaka huo, katika shauri la Snyder, ilitenganisha rushwa ya makubaliano ya mapema na takrima ya shukrani baada ya tendo, na kuitoa ya pili nje ya kifungu kinachotumika dhidi ya maofisa wa majimbo na miji. Madigan alipanda kizimbani kujitetea. Tarehe 12 Februari 2025 wazee wa baraza walimtia hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, wakamwachia kwa saba, na kwa sita wakashindwa kuafikiana. Siku mbili kabla, Rais Donald Trump alikuwa amemsamehe rasmi Blagojevich, gavana yule ambaye Baraza la Madigan lilimshtaki.

Sasa turudi kwa Risser, kwa sababu bila yeye habari hii ingekuwa ya Chicago tu. Alizaliwa Mei 1927. Baba yake, babu yake na baba wa babu yake walikaa katika bunge la Wisconsin kila mmoja kwa tiketi ya chama tofauti, na yeye akaingia kama Mdemokrati kwenye uchaguzi wa 1956, akahamia Seneti mwaka 1962. Aliwahi kuwa rais wa Seneti kwa vipindi vingi. Cheo hicho Wisconsin ni cha kuongoza vikao, hakina fungu la kampeni wala rungu la kuwatisha wenzake. Mafanikio yake yalikuja polepole kwa kushawishi: sheria ya kupiga marufuku uvutaji sigara katika maeneo ya ndani ya umma na ya kazi, iliyoanza kutumika Julai 2010, ni mfano. Kushindwa kwake kunaeleza zaidi. Alijaribu kufuta sheria ya utoaji mimba ya mwaka 1849 na hakufanikiwa. Sheria hiyo ikabaki kitabuni mpaka Mahakama Kuu ya Wisconsin ilipotamka mwaka 2025 kwamba haina nguvu tena. Februari 2011, Gavana Scott Walker alipotaka kufuta haki za majadiliano za watumishi wa umma, maseneta 14 wa Democratic walivuka mpaka kwenda Illinois ili akidi isitimie. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Risser, miaka 83. Baada ya nusu karne bungeni, silaha aliyokuwa nayo ilikuwa kutokuwepo ukumbini.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona ukomo wa mihula kuwa dawa ya Madigan. California iliupitisha mwaka 1990, shabaha ikiwa Spika Willie Brown, na leo majimbo 16 yanao. Brown aliondoka, akawa meya wa San Francisco. Wabunge wapya walifika wakiwa hawajui bajeti inavyoandikwa, wakawategemea makatibu, ofisi ya gavana na mawakala wa makampuni, ambao hawana ukomo. Baadaye California na Michigan zote mbili zililegeza masharti ili mbunge aweze kukaa muda mrefu zaidi katika baraza moja.

Aidha, Madigan hakuwekwa na wananchi wa Illinois. Eneo lake la uchaguzi lilikuwa na watu laki moja na ushei katika jimbo la watu zaidi ya milioni 12. Uspika alipewa na wabunge wenzake, kila baada ya miaka miwili, kwa kura ya wazi. Walimpa kwa sababu aliwabebea mzigo: aliwatafutia fedha, aliwazikia miswada iliyowatia hofu, alikubali kuchukiwa kwa niaba yao. Siku walipoona mzigo umegeuka, kazi iliisha haraka. Kufikia mwisho wa 2020 Wademokrati 19 kati ya 73 walikuwa wametamka kwamba hawatampigia, wakati zinahitajika kura 60. Januari 2021 alipata 51 kwenye kikao cha chama, akasimamisha kampeni yake, na Emanuel Welch akawa spika wa kwanza mweusi wa Illinois. Haikuhitajika kura ya maoni, wala hukumu, ambayo ilikuja miaka minne baadaye. Ingeweza kufanyika 2009, au 1999.

Chini ya Welch kanuni ziliandikwa upya na uspika ukawekewa kikomo cha miaka 10. Ni hatua, ila imemlenga mkaaji na kuuacha ufunguo mkubwa ulipokuwa. Mwaka huohuo wa 2021 ramani mpya ya uchaguzi ilichorwa na wabunge wa chama chenye wingi, faraghani kama zamani. Gavana J. B. Pritzker, aliyekuwa ameahidi kwenye kampeni ya 2018 kuikataa ramani itakayochorwa na wanasiasa kwa faida ya chama, akaitia saini.